“Nafasi Ina Mwenyewe”: Kweli na Uongo Kuhusu Usaili wa Mashirika

Anayeomba kazi serikalini Tanzania anaijua njia. Sekretarieti ya Ajira hutoa tangazo, majina ya walioitwa huwekwa hadharani, kuna usaili wa mchujo, kuna wa mahojiano, na mwisho orodha ya waliopangiwa vituo hutoka kila mtu akaiona. Anayeomba kwenye shirika lisilo la kiserikali hana njia iliyonyooka hivyo. Kila shirika lina utaratibu wake, majibu huja kwa barua pepe au hayaji kabisa, na pale taarifa zinapokosekana ndipo maneno ya kwenye magrupu ya WhatsApp yanaposhika hatamu: tangazo ni la kuzuga, usitaje mshahara, onyesha una moyo wa kujitolea, ukiwa mwanamke jiandae kuulizwa utazaa lini. Baadhi yana ukweli ndani yake. Mengine yanawanyima watu kazi walizozistahili, na moja au mawili yanawatia hatarini.

Nimekaa upande wa anayesailiwa na nimekaa upande wa paneli, Dar es Salaam na mikoani, na nayaandika haya wakati foleni ya watafuta kazi za mashirika imekuwa ndefu kuliko nilivyowahi kuiona. Januari 20, 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90. Machi mwaka huohuo Waziri wake wa Mambo ya Nje, Marco Rubio, akatangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa. Huku kwetu maana yake ilikuwa watu wenye uzoefu mrefu wa kazi za UKIMWI, lishe na afya ya uzazi kurudi sokoni kwa pamoja, wakagombea nafasi moja na kijana aliyemaliza chuo juzi. Wote wawili wana haki ya kujua ukweli wa chumba wanachoingia.

“Tangazo ni la kuzuga, nafasi ina mwenyewe.”

Kuna wakati ni kweli. Undugu na kujuana vipo kwenye mashirika kama vilivyo kwingine, na anayekuambia havipo anakudanganya. Lakini mara nyingi kinachoonekana kama nafasi yenye mwenyewe kina maelezo mengine mawili, na ukiyajua utajua pa kuweka nguvu zako.

La kwanza ni mfanyakazi wa ndani. Mradi wake unaisha Septemba, mradi mpya unaanza Oktoba, na mkuu wake angependa abaki. Hata hivyo sera ya ajira ya shirika inataka ushindani, mfadhili naye anautaka, na mkaguzi wa hesabu akija ataomba faili la ajira: tangazo, orodha ya walioomba, vigezo vya mchujo, fomu ya alama ya kila mwanapaneli, muhtasari wa kikao. Kwa hiyo unaitwa kushindana na mtu anayeujua mfumo wa ripoti na anayewajua kwa majina watendaji wa kata zote za mradi. Ni mashindano magumu, lakini ni mashindano. Nimeshuhudia wa ndani akishindwa kwa sababu alikuja mikono mitupu, akajibu kwa mkato kama anayeongea na wenzake ofisini, wakati wa nje alikuwa ameisoma ripoti ya mwaka ya shirika ukurasa kwa ukurasa. Alama zilipojumlishwa hapakuwa na la kubishana.

La pili halijulikani sana nje ya ofisi zinazoandika maandiko ya miradi. Shirika linapoomba fedha kubwa, wafadhili wengi hutaka kuona majina na sivii za watakaoshika nafasi kuu: mkurugenzi wa mradi, mkuu wa ufuatiliaji na tathmini, mkuu wa fedha. Watu hao hutafutwa na kusailiwa kabla fedha hazijapatikana. Unasafiri, unafanya usaili mzuri, wanakuomba sahihi ya kukubali jina lako litumike kwenye andiko, kisha kimya cha miezi. Hakuna aliyepewa nafasi yako. Andiko lilishindwa, na nafasi yenyewe haikuwahi kuwepo. Kwenye matangazo ya namna hiyo huwa kuna sentensi fupi kwamba ajira itategemea upatikanaji wa fedha, itafute. Usipoiona, uliza siku ya usaili: “Je, mkataba wa fedha za mradi huu umeshasainiwa?” Ni swali la mtu anayeijua kazi, na sijaona paneli iliyokasirika kuulizwa. Angalia pia sahihi yako unampa nani. Mashirika mawili yanaweza kugombea fedha zilezile, na linalotaka uwe wake peke yake huandika hivyo kwenye barua ambayo watu wengi husaini bila kuisoma.

Dalili za nafasi iliyokwisha kugawiwa nazo zipo. Tangazo linakaa siku tatu tu, na vigezo vimeshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja: miaka saba kwenye wilaya ileile, lugha ya huko, na programu ya kompyuta inayotumiwa na shirika hilohilo tu. Ukikuta hivyo, jioni yako itumie kuandika ombi lingine.

“Kulipia fomu, mafunzo au kipimo cha afya kabla ya usaili ni kawaida.”

Uongo mtupu. Hakuna shirika la kweli linalomtoza mwombaji kazi hata shilingi moja ili asailiwe, na mashirika ya Umoja wa Mataifa huandika hivyo waziwazi kwenye matangazo yao. Mkataba Namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, nao unaweka kanuni kwamba mawakala wa ajira wasiwatoze wafanyakazi ada, moja kwa moja wala kwa kuzunguka. Anayekupigia akisema jina lako limepita, bado tu elfu sabini ya “usajili” kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, ni mwizi, hata kama barua aliyokutumia ina nembo unayoifahamu. Na usiishie kuilinda pesa. Nakala ya vyeti, namba ya NIDA na tarehe ya kuzaliwa ulizomtumia ni mali kwake pia.

“Wanatafuta mtu mwenye moyo wa kusaidia.”

Moyo hauna safu yake kwenye fomu ya alama, na hapa ndipo wengi wanapoangukia. Tuitazame fomu yenyewe. Ni karatasi moja au mbili. Kushoto kuna maswali sita hadi kumi, yaleyale kwa kila mtu. Katikati kuna nafasi ya kuandika ulichosema, na kulia kuna alama, kwa kawaida 1 hadi 5, pamoja na maelezo mafupi ya jibu la 5 linavyotakiwa kuwa. Kila mwanapaneli hujaza peke yake kwanza, ndipo wanalinganisha. Wakitofautiana sana, yule aliyetoa alama kubwa huulizwa: alisema nini hasa? Ukiwa huna ulichokisema kinachoweza kuandikwa, mtetezi wako hana la kujibu.

Utaratibu huo una sababu. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walichapisha mapitio ya tafiti za miongo mingi kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Usaili wenye mpangilio, yaani maswali yaleyale kwa wote na alama zenye vigezo, ndio uliotoka juu ya njia nyingine zote katika kubashiri nani atafanya kazi vizuri: 0.42 kwenye kipimo ambacho 1 ni ubashiri kamili. Mazungumzo ya hivi hivi, yale ya “hebu tueleze kuhusu wewe” yanayokwenda popote, yalipata 0.19. Mashirika mengi, hasa ya kimataifa, yamehamia kwenye mpangilio. Anayekuja na hotuba ya kupenda watu anajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Chukua swali la kawaida kwa afisa mradi: “Tueleze kuhusu wakati ambapo jamii iliukataa mradi uliokuwa unausimamia. Ulifanya nini?” Msailiwa wa kwanza anasema anapenda sana kufanya kazi na jamii, ni mvumilivu, anaamini katika ushirikishwaji, na changamoto yoyote kwake ni fursa. Kalamu za paneli zinatulia. Wa pili anasema hivi: “Tulipeleka mradi wa vyoo bora kijijini, watu wakagoma kuchimba. Nilirudi na mtendaji wa kijiji tukafanya vikao kwenye vitongoji vitatu, kimoja cha wanawake peke yao. Nikagundua kwamba kwenye kikao cha kwanza tulizungumza na mwenyekiti tu, na eneo tulilochagua kwa choo cha mfano lilipakana na makaburi. Nilimwandikia meneja kuomba kubadili eneo, akakubali. Hadi masika, zaidi ya nusu ya kaya zilikuwa zimechimba. Ambazo hazikuchimba zilikuwa kwenye mwamba, na hilo hatukulimaliza.” Sasa kalamu zinakimbia. Kuna tatizo, kuna alichofanya yeye, kuna matokeo, na kuna ukweli kwamba si yote yalifaulu.

Hapo kuna jambo la malezi yetu ambalo limewagharimu watu ninaowaheshimu. Tumefundishwa kutojikweza, kwa hiyo msailiwa anasimulia kazi yake yote kwa “sisi”: tulihamasisha, tukagawa, tukaandika ripoti. Paneli haiwezi kuipa alama “sisi”. Mwanapaneli mzuri ataingilia na kuuliza, “Na wewe hasa ulifanya nini?” Asiyekuwa mzuri atanyamaza na kukupa 2. Kusema “mimi ndiye niliyeandika bajeti, mwenzangu akaihakiki” hakumvunjii mtu heshima. Fanya mazoezi kwa sauti kabla ya siku yenyewe, mbele ya ndugu au rafiki, mpaka neno hilo litoke bila aibu.

“Maswali ya ulinzi wa watoto na unyanyasaji huulizwa kutimiza utaratibu tu.”

Uongo huu ndio ninaotamani uondoke kabla ya mwingine wowote, kwa sababu unaangusha watu wazuri, na kwa sababu lililo nyuma yake si mchezo.

Februari 2018 gazeti la The Times la Uingereza liliandika kwamba wafanyakazi wa Oxfam waliokwenda Haiti kusaidia baada ya tetemeko la mwaka 2010 walikuwa wamewalipa wanawake ili wafanye nao ngono. Kilichotikisa sekta nzima hakikuwa kitendo hicho peke yake. Ilikuja kujulikana kwamba waliokuwa wamehusika waliweza kuondoka na kuajiriwa kwenye mashirika mengine bila waajiri wapya kuelezwa chochote. Januari 2019 ukaanzishwa mpango wa mashirika kupeana taarifa za utovu wa maadili: shirika linalotaka kukuajiri huwauliza waajiri wako wa miaka ya karibuni kama uliwahi kukutwa na hatia ya unyanyasaji wa kingono ukiwa kazini kwao. Ndiyo maana siku hizi unasainishwa fomu ya kuruhusu hilo, na ndiyo maana shemeji yako hafai tena kuwa mdhamini. Wanamtaka msimamizi wako halisi, kwa barua pepe ya ofisi.

Sasa swali lenyewe. Huja kama kisa: “Mama mmoja anakufuata baada ya ugawaji wa fedha za chakula. Anakunong’oneza kwamba mhamasishaji wenu wa kujitolea alimwambia jina la binti yake litaingia kwenye orodha iwapo binti huyo atakwenda kwake jioni. Utafanya nini?”

Nimesikia majibu matatu mara nyingi. Nitamwita huyo mhamasishaji nimuulize. Nitachunguza kwanza nisije nikamharibia mtu jina. Nitampeleka kwa mwenyekiti wa kijiji tuyamalize. Wote waliojibu hivyo walikuwa na nia njema, na majibu yote matatu ni hatari. La kwanza linamwonya mtuhumiwa na kumfichua mama. La pili linavuruga ushahidi kwa mikono ya mtu ambaye hajafunzwa kuuchunguza. La tatu linamweka binti katikati ya kikao cha wazee wanaomjua baba yake.

Jibu linalotafutwa ni la mtu anayejua mipaka yake. Unamsikiliza mama bila kumhoji kipolisi. Humwahidi siri kamili. Unamweleza ni nani atakayeambiwa na kwa nini. Unauliza kama binti yuko salama. Kama amekwisha kudhurika kuna kituo cha afya, tena haraka, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na kuna Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Kisha unaripoti siku hiyohiyo kwa anayehusika na ulinzi ndani ya shirika, kwa njia iliyowekwa, na huchunguzi wewe. Kanuni zinazofuatwa na mashirika ya misaada tangu mwaka 2002 zinakataza kubadilishana fedha, ajira, bidhaa au huduma kwa ngono, zinakataza ngono na mtu wa chini ya miaka 18 bila kujali sheria ya nchi inaruhusu umri gani, na zinamlazimu kila mfanyakazi kutoa taarifa hata kama ana wasiwasi tu. Kwenye mashirika mengi, ukifeli swali hili alama zako nyingine hazikuokoi. Naona ni haki kabisa. Huyo binti hana paneli wala ofisi, na fomu ya alama ni moja ya vitu vichache vinavyosimama kati yake na mtu kama yule mhamasishaji.

“Ukiulizwa mshahara, sema ‘kwa mujibu wa taratibu za shirika’.”

Si kweli. Jibu hilo linasikika la adabu, lakini bajeti ya nafasi hiyo tayari imeandikwa kwenye andiko la mradi na ina dari yake. Ukiacha wazi, hakuna anayekulipa dari kwa ukarimu. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba watu hutaja namba bila kujua wanataja ipi.

Sema umetaja milioni 2 ukifikiria za mkononi, na shirika likaiandika kama mshahara kabla ya makato. NSSF, kwa mgawanyo wa kawaida, inakata asilimia 10 kwako, shilingi 200,000. Inabaki 1,800,000 ya kutozwa kodi. Kwa viwango vya Tanzania Bara, hadi kufikia milioni moja kodi ni 128,000, na kinachozidi hapo hukatwa asilimia 30, yaani 240,000. Jumla ya kodi ni 368,000, na mkononi inabaki 1,432,000. Ukiwa unadaiwa na Bodi ya Mikopo, wanachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 300,000 nyingine. Umebaki na 1,132,000, na kituo chako cha kazi ni Kibondo wakati familia iko Mwanza. Fanya hesabu hii nyumbani, kutoka chini kwenda juu: anza na unachohitaji mkononi, rudisha makato, ndipo utaje kiasi cha kabla ya makato, na ulitamke hilo wazi. Uliza bima ya afya inawagusa wangapi, uliza posho ya nyumba, na uliza fedha za mradi zinaishia lini, maana mkataba wa mwaka mmoja kwenye mradi uliobakiza miezi tisa una maswali yake.

“Mwanamke ajiandae kuulizwa ndoa na mimba. Ndivyo ilivyo.”

Huulizwa, ndiyo. Kwamba ndivyo ilivyo, hapana. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, kinakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, VVU, dini, kabila na mingine, na kwa madhumuni ya kifungu hicho anayeomba kazi anahesabiwa kama mfanyakazi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 5, nayo inamlinda anayetarajia kuajiriwa, na ujauzito umetajwa humo. Mashirika yanayoandika miradi ya haki za wanawake halafu yanamuuliza msailiwa kama mume wake atamruhusu kwenda fildi yanavunja sheria na yanawasaliti wanawake yanaowaombea fedha. Nalisema hili bila kupunguza makali.

Lakini najua aliye kwenye kiti anaihitaji kazi, na kumnukulia paneli kifungu cha sheria si rahisi. Kuna jibu linalorudisha mazungumzo mahali pake: “Ratiba ya safari za kazi hii naifahamu, na niko tayari kuifuata. Kuna jambo lingine la kazi mngependa kulijua?” Ukitoka, andika swali lilivyoulizwa, na nani aliuliza, siku hiyohiyo. Mashirika mengi yana anwani ya kupokea malalamiko, iliyo wazi hata kwa asiye mfanyakazi, na mgogoro wa ubaguzi unaweza kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukiwa mwanapaneli na mwenzako akauliza hivyo, usisubiri msailiwa ajitetee. Liondoe swali pale pale.

“Kiingereza ndicho kinachochuja.”

Nusu. Ripoti kwa mfadhili huandikwa kwa Kiingereza, na anayeomba kazi ya kuandika ripoti lazima aonyeshe anaiweza. Kumsaili kwa Kiingereza mhamasishaji ambaye siku nzima atazungumza na wafugaji wa Simanjiro au kina mama wa Mkuranga ni kupima kisichohitajika. Msailiwa, omba: “Naweza kueleza kisa hiki kwa Kiswahili?” Paneli nyingi hukubali, na nimeona mtu aliyekuwa anajikwaa akageuka kuwa mtu mwingine kabisa.

“Kazi ya kuandika wanayokupa ni njia ya kukuibia mawazo.”

Mara chache. Kwa kawaida ni saa moja au mbili, na ni kipimo cha haki kuliko maneno. Wa ufuatiliaji na tathmini hupewa jedwali la takwimu lenye kaya zilizojirudia na umri wa miaka 214, ionekane kama atazigundua. Wa fedha hupewa marejesho ya masurufu ya safari: risiti za EFD zipo, nyingine ni za mkono, na moja ya gesti ina tarehe 31 Juni. Anayeipita risiti hiyo bila kuiona ataumia, na anapaswa kuumia. Kinachotakiwa kukushtua ni kuambiwa uandike nyumbani andiko zima la mradi lenye bajeti, kwa mfadhili anayetajwa kwa jina, ulete ndani ya wiki. Hiyo ni kazi ya kulipwa. Tuma muhtasari wa kurasa mbili na useme uko tayari kuuendeleza ukiajiriwa.

“Kupunguzwa kazi mradi ulipofungwa ni doa kwenye sivii.”

Si kweli, hasa tangu 2025. Paneli nyingi zina mtu yaliyomkuta hayo, au yaliyomkuta mwenzi wake. Liseme kwa sentensi moja, “Mradi ulifungwa fedha ziliposimamishwa,” kisha endelea na ulichokuwa umefanikisha hadi siku ile. Usibuni kazi ya kujaza pengo. Miezi uliyofuga kuku au kumuuguza mzazi haina aibu yoyote.

“Wasipojibu, umefeli.”

Si lazima, na uongo huu ndio unaoumiza kimya kimya. Nimewaona watu wazima, wasomi, wakiacha kabisa kuomba kazi baada ya kimya cha mashirika matatu mfululizo, wakiamini wamepimwa wakaonekana hawafai. Wakati huohuo, ndani ya ofisi, bajeti ilikuwa haijaidhinishwa, au mfadhili alichelewesha sahihi, au aliyeongoza alipewa ofa akaomba wiki tatu za kufikiri, na wa pili na wa tatu wakawekwa akiba bila kuambiwa. Wa kwanza akikataa, mara nyingi kwa sababu ya mshahara au kituo, wa pili hupigiwa simu.

Kimya hicho hakina utetezi. Ujumbe wa mistari miwili kwa watu wanane waliofika kwenye usaili hauhitaji mfadhili, na shirika linalodai kuheshimu utu wa wanyonge lina deni kwa kijana aliyelala basi kutoka Songea ili akae mbele yake kwa dakika 40. Wakuu wa rasilimali watu wanaosoma hapa, tafadhali wekeni tarehe ya majibu kwenye barua ya mwaliko, na muitimize hata kama jibu ni “bado”.

Kwako uliyesailiwa, subiri wiki mbili baada ya tarehe waliyosema, kisha andika: “Nilisailiwa tarehe fulani kwa nafasi fulani. Naomba kujua kama mchakato umekamilika. Kama sikuchaguliwa, nitashukuru kujua ni eneo gani nilipata alama ndogo.” Zile fomu za alama zipo kwenye faili, kwa hiyo jibu lipo, na kuna maofisa wanaolitoa kwa moyo mmoja wakiombwa hivyo. Kama una wasiwasi na nyaraka zako zilizobaki kwa shirika hilo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa nguvu ya kuuliza wanazo zipi na wanazitumiaje. Na ukibadilisha namba ya simu katika miezi mitatu ya kwanza, watumie mpya, maana anayeshika nafasi ya pili hutafutwa kwa namba aliyoiandika siku ya usaili.